Maswali ya Wasomaji: Risasi Inayopigwa Hewani Hutua Wapi?

Barua kadhaa zilizotufikia kutoka Nyanda za Juu Kusini zimegusa jambo moja kwa njia tofauti, nalo ni mazoea ya kufyatua risasi juu wakati wa kulenga shabaha au baada yake. Tumezifupisha kidogo na kuziweka pamoja, kwa kuwa jibu la moja linaisaidia nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni mkulima wa Mufindi. Baba yangu mdogo anamiliki kihalali raifo na shotigani, ambazo huzitumia kufukuza nguruwe pori na nyani shambani. Jumapili moja moja huenda na rafiki zake ukingoni mwa shamba kulenga makopo wanayoyapanga juu ya visiki. Wakimaliza huelekeza mitutu juu na kuzipiga hewani risasi zilizobaki, wakisema kwamba bunduki haipaswi kurudi nyumbani ikiwa na risasi ndani. Ng'ambo ya ukingo huo kuna bonde lenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya watu. Nilipouliza kama hakuna hatari, niliambiwa kwamba risasi ikipanda sana huisha nguvu. Je, ni kweli?
*Msomaji, Mufindi*

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Waliokuambia kwamba risasi huisha nguvu wamekupa nusu ya habari. Risasi inayopigwa juu hupunguzwa mwendo na hewa pamoja na uzito wake yenyewe hadi ifike kileleni, kisha huanza kurudi chini ikiongeza mwendo upya. Kilichokwisha ni msukumo wa baruti, lakini uzito wake uko palepale. Linalobaki kuulizwa ni itaanguka wapi na kwa mwendo gani, na mtu aliyeshika bunduki hana jibu la lolote kati ya hayo mawili.

Habari ya mwendo nitaieleza katika barua inayofuata, kwa hiyo hapa nianze na mahali. Watu wengi wanaposema wamepiga juu hudhani kwamba mtutu ulikuwa wima kabisa. Mtazame kwa makini mtu anayepiga hewani, hasa aliyeegemeza kitako cha raifo ubavuni au begani: mtutu huwa umelala kuelekea mbele, mara nyingi katikati ya wima na mlalo. Hapo ndipo pabaya zaidi. Raifo ya kawaida ya kuwindia hupeleka risasi yake mbali kuliko kwingine kote mtutu ukiwa umeinuliwa kwa digrii 30 hadi 35, na umbali huo ni kilomita 3 hadi 5 kutegemea uzito na umbo la risasi. Hata bunduki ndogo ya .22 (risasi yenye kipenyo cha inchi 0.22), ambayo wengi huiona kuwa ya kupigia ndege tu, inaweza kupeleka risasi yake kilomita moja na nusu. Basi vinyungu unavyoviona kutoka ukingoni huenda si mahali penye hatari kubwa kuliko kwingine. Risasi inaweza kuviruka, ikakipita na kijiji cha ng'ambo, ikawakuta wagema ulanzi, ile pombe ya mianzi, au watu wanaookota uyoga kwenye misonobari, ambao hata mlio wa bunduki hawakuusikia vizuri.

Zaidi ya hayo, sisi tunaishi juu. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama ulivyo wa Jiji la Mbeya, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo risasi hukutana na kizuizi kidogo zaidi inapokwenda na inaporudi. Ikipigwa kutoka ukingoni na kuangukia bondeni mamia ya mita chini, umbali huongezeka tena. Mtu aliyesoma mahali kwamba bunduki yake hufika kilomita kadhaa asidhani kwamba takwimu hiyo ilipimwa ukingoni mwa Mufindi.

Barua yako, hata hivyo, ina jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko zile risasi za mwisho. Umesema makopo hupangwa juu ya visiki ukingoni, na nyuma yake ni bonde. Maana yake ni kwamba mpigaji akichungulia kwenye shabaha yake huona kopo, na nyuma ya kopo huona anga. Kila risasi inayolikosa kopo hilo, na nyingi kati ya zile zinazolitoboa, ni risasi iliyopigwa hewani sawasawa na ile ya kumalizia, ingawa hakuna hata mmoja kati ya wazee hao atakayekubali kwamba ameshinda mchana kutwa akipiga hewani.

Tuchukue mfano wa vipimo. Mpigaji amesimama mita 50 kutoka kwenye shabaha, na kopo limewekwa kwenye ukingo uliomzidi kwa mita 4 na nusu hivi, yaani kimo kidogo kuliko nyumba ya ghorofa moja. Mtutu wake unainuka kwa digrii 5 tu, na kwa macho anaona kama anapiga mbele moja kwa moja. Kwa digrii hizo 5, risasi ya raifo isiyokutana na udongo huenda karibu kilomita 2 kabla ya kugusa ardhi iliyo sawa, na inapofika huko haijaanguka tu kwa uzito wake: bado inakwenda mbele, ncha ikiwa imetangulia, na ina mwendo mkubwa kuliko ile iliyopigwa wima. Kwa maneno mengine, kopo lililopangwa vibaya ni hatari zaidi kuliko shangwe za risasi za juu, nayo hurudiwa mara nyingi zaidi kwa sababu haimshtui mtu yeyote.

Dawa yake haina gharama. Wazee wageuke. Badala ya kupiga kuelekea ukingoni, washuke na kupiga kuelekea kwenye ubavu wa kilima, ambako nyuma ya shabaha kuna mteremko mkali wa udongo mwingi usio na mawe, unaopanda juu sana kuliko shabaha yenyewe. Hili la mawe lisipuuzwe, hasa na wenzetu wa Iringa wenye miamba kila upande. Risasi ikigusa jiwe au ardhi ngumu kwa pembe ndogo haizami bali huteleza na kupaa upya kuelekea usikokujua, na maji ya bwawa hufanya vivyo hivyo. Shabaha iwe chini, usawa wa goti au kiuno, ili mstari wa risasi uishie udongoni. Ukungu ukishuka, kama unavyojua unavyoshuka Mufindi bila kupiga hodi, zoezi lisimame, kwa sababu hakuna ajuaye nani amekatiza nyuma ya shabaha. Ulanzi nao usubiri hadi bunduki zifungiwe kabatini.

Ama kuhusu kutoa risasi kwenye bunduki, wazee wana haki ya kutaka bunduki irudi nyumbani tupu, ila njia wanayotumia si sahihi. Raifo ya boliti humwagwa risasi kwa kuondoa magazini ikiwa ni ya kutoka, kisha kuvuta boliti mpaka kila risasi itoke, na mwisho kuangalia chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye udongo muda wote. Shotigani ya kukunja hufunguliwa tu na risasi zake huchomolewa kwa mkono. Kazi hii haichukui hata dakika moja, na risasi zinazookolewa zina bei yake dukani.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya. Nimesoma kwamba Jeshi la Marekani liliwahi kufanya majaribio na kugundua kuwa risasi iliyopigwa juu hurudi ikiwa na mwendo mdogo usioweza kuua. Kama ni hivyo, je, onyo hili si la kutia watu hofu bure?
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Majaribio hayo yapo, na ni vizuri umeyataja, kwa kuwa husimuliwa nusu nusu. Yalifanywa huko Florida miaka michache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliyeyaeleza kwa kirefu ni Julian Hatcher, ofisa wa jeshi hilo aliyekuwa mtaalamu wa silaha. Walifunga bunduki ya rashasha ya inchi 0.30 kwenye jukwaa lililokuwa majini, wakaielekeza wima kadiri walivyoweza, na kufyatua zaidi ya risasi 500. Risasi ya aina hiyo hupanda takriban mita 2,700, hutumia sekunde 18 hivi kupanda na sekunde 31 kushuka, na hurudi kwa mwendo wa mita 90 kwa sekunde. Jeshi lilikuwa na kipimo chake cha nguvu ya kumwangusha askari vitani, na risasi hizo zilirudi zikiwa na takriban nusu ya kiwango hicho. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa.

Sehemu isiyosimuliwa ni kwamba kati ya risasi hizo zaidi ya 500, ni 4 tu zilizoanguka mahali ambapo waliokuwapo waliweza kuzitambua. Wanajeshi wenye vifaa, waliokuwa wakijitahidi kwa makusudi zirudi pale pale, hawakuweza kujua zilizobaki zilikwenda wapi, kwa kuwa upepo wa juu huziyumbisha na kosa dogo la pembe ya mtutu huzipeleka mbali. Sasa mfikirie mtu aliyesimama Mbeya mjini, mkono mmoja umeshika bunduki na mwingine simu.

Kipimo cha kumwangusha askari, tena, hakimhusu mtoto anayecheza uani. Mita 90 kwa sekunde ni zaidi ya kilomita 320 kwa saa, na katika hewa nyepesi ya mwinuko wetu huongezeka kwa karibu asilimia 8. Risasi hupenya ngozi ya binadamu ikiwa na mwendo wa kama mita 60 kwa sekunde tu. Fuvu la mtoto mdogo ni jembamba, na mtu anayeangukiwa na kitu kutoka juu hupigwa zaidi kichwani na mabegani, sehemu ambazo risasi ya kawaida ya mapigano huzikuta kwa nadra kuliko kifua na tumbo.

Hospitalini mambo yameonekana wazi. Hospitali moja ya Los Angeles ilitibu watu 118 waliodhaniwa kupigwa na risasi zilizokuwa zikianguka ovyo kati ya mwaka 1985 na 1992, na 38 kati yao walifariki dunia, wengi wa majeruhi hao wakiwa wamepigwa kichwani. Huko Puerto Rico, katika usiku mmoja wa kuukaribisha mwaka 2004, watu 19 walijeruhiwa na risasi zilizodhaniwa kuwa za shangwe, na mmoja wao alikufa. Jimbo la Arizona nalo lilitunga sheria mwaka 2000 inayofanya kufyatua risasi kizembe ndani ya mipaka ya mji kuwa kosa kubwa la jinai, baada ya msichana wa miaka 14 kuuawa uani kwao Phoenix mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo Hatcher hakukosea. Wanaokosea ni wale wanaochukua matokeo ya risasi iliyopigwa wima kabisa na kuyatumia kutetea risasi zilizopigwa mshazari, ambazo ndizo karibu zote.

SWALI: Sisi huku Chunya wengi wetu hatuna raifo. Wapo wenye shotigani na wapo wenye magobole, yaani bunduki za kienyeji za kushindilia. Je, haya nayo yamo katika hatari hiyo?
*Msomaji, Makongolosi*

JIBU: Kwa shotigani hutegemea ulichopakia. Marisau madogo ya kupigia ndege, yenye kipenyo cha milimita 3, hufika takriban mita 240 na kuanguka kama mvua ya mawe, ambapo hatari kubwa ni kwa macho. Yale makubwa ya kupigia wanyama, yenye milimita 8 na zaidi, hufika mita 600 na kitu, na risasi moja nzima ya shotigani hupita kilomita. Mtu asiseme tu kwamba shotigani haifiki mbali, bali aangalie kwanza ganda lililomo chemba.

Gobole ni habari nyingine, na nitaisema bila kuzungusha. Kwanza, gobole lisilo na leseni ni silaha haramu, hata kama lilirithiwa kwa babu na halijawahi kuiba kuku wa mtu. Serikali imekuwa ikitoa msamaha kwa vipindi kwa wanaosalimisha silaha za namna hiyo kwa hiari, na kituo cha polisi au ofisi ya kijiji vitakueleza utaratibu uliopo. Pili, linalotoka kwenye gobole ni vipande vya nondo au gololi zisizolingana, hivyo hakuna awezaye kukokotoa zitakwenda wapi. Tatu, gobole likishashindiliwa kwa mdomo wa mtutu haliwezi kumwagwa kirahisi, na ndiyo maana wenye nalo hulipigia juu jioni. Anayetaka kulisalimisha likiwa tupu alipigie kwenye udongo laini wa mteremko, si angani, na asilishindilie tena.

SWALI: Katika sherehe moja mtaani kwetu hapa Iringa, mgeni mmoja alifyatua risasi tatu hewani bibi harusi alipowasili. Wazee walipomkemea alijibu kwamba ana leseni, na kwamba hata askari hupiga risasi hewani kutawanya watu. Je, sheria inasemaje?
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Leseni humruhusu mtu kumiliki silaha kwa sababu aliyoitaja alipoiomba, ambayo kwa kawaida huwa ni ulinzi, uwindaji au michezo ya shabaha. Sijawahi kusikia mtu aliyeandika kwenye fomu kwamba anaomba bunduki kwa ajili ya kuwapokea mabibi harusi. Umiliki huo unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nje ya sheria hiyo, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu cha 233 kinachohusu vitendo vya uzembe vinavyohatarisha maisha, ambacho hakisubiri mtu ajeruhiwe kwanza. Ikitokea mtu akafa, kifungu cha 195 kinahusu kuua bila kukusudia, na adhabu yake chini ya kifungu cha 198 inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwamba mpigaji hakumwona marehemu wala kumjua si kinga.

Kuhusu askari, yeye hutumwa, hufuata kanuni za kazi yake na hutakiwa kueleza kila risasi aliyoitumia. Hata hivyo risasi yake haina njia ya pekee ya kushuka, na mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba risasi za onyo zinatumika kwa urahisi kupita kiasi penye mkusanyiko wa watu. Lakini kosa la mmoja, kama ni kosa, halimpi mwingine ruhusa. Hapo Iringa mji umekaa juu na Ipogolo iko chini kando ya Ruaha Mdogo, barabara kuu ya Zambia ikipita katikati ya watu. Mgeni wenu alipokuwa akipigiwa vigelegele, risasi zake tatu zilikuwa bado ziko njiani.

Kama mnataka mlio, ngoma na vuvuzela vipo, na wenye uwezo wanaweza kuomba kibali cha fataki.

SWALI: Nimekuta tundu kwenye bati la nyumba yangu Njombe, na juu ya silingi bodi kuna kipande cha risasi kilichopondeka. Nifanye nini?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Usikiokote. Kipige picha kikiwa pale pale, pamoja na tundu la bati, kisha mpigie mwenyekiti wa mtaa na mwende kutoa taarifa polisi. Risasi iliyopita kwenye mtutu wenye mifereji hubaki na mikwaruzo inayoweza kulinganishwa na bunduki iliyoipiga, na ukiifuta au kuizungusha kwenye viganja vya majirani kumi unapunguza uwezekano huo. Kama imetoboa bati na kisha silingi bodi, acha matundu yote mawili yalivyo mpaka wataalamu wayaone, kwa sababu mstari unaoyaunganisha huonyesha upande ilikotokea na kama ilishuka wima au mshazari. Ukikuta risasi nzima yenye ganda lake, hiyo haijafyatuliwa na bado ina baruti, hivyo isiguswe, isigongwe, na taka za eneo hilo zisichomwe moto.

Na kwa kuwa umegusa nyumbani, niongeze jambo ambalo hukuuliza. Mtu aliyepigwa na risasi inayoanguka mara nyingi hudhani amepigwa jiwe, kwa kuwa hakusikia mlio wowote karibu, na jeraha la kichwani linaweza kuwa dogo, lililofunikwa na nywele, lenye damu kidogo tu. Asipakwe dawa na kulazwa nyumbani. Apelekwe hospitali yenye mashine ya eksirei siku hiyo hiyo, hata kama anatembea na kuzungumza vizuri, na ndugu mmoja apitie kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3 wakati mgonjwa akiwa tayari njiani kwenda kutibiwa.